Tuipime Mikoko Yetu kama Tunavyowapima Wana Wetu



 Wiki hii twaomba ruhusa tuwatoe kidogo majumbani, twende pamoja hadi darajani.

Kila avukaye daraja la Mtwapa akitoka Mombasa, akitupa jicho upande wa kushoto, huyaona maji ya hori yakijipinda kuelekea bara, na kandokando yake ukanda wa kijani kibichi. Hiyo ndiyo mikoko yetu. Aghalabu husema moyoni, "Masha Allah," gari likapita, nasi tukasahau. Kwa miaka mingi tumeridhika kwamba maadamu msitu ule ni wa kijani, basi ni mzima. Tumeandika makala haya kwa sababu tumetambua kwamba kijani kile chaweza kutuhadaa.

Tuanze na jambo ambalo kila mama analijua. Mtoto azaliwapo, hupewa kitabu cha kliniki. Kila aendapo hupimwa uzito, na muuguzi huweka nukta katika karatasi ya mistari. Nukta moja peke yake haisemi mengi. Nukta za miezi sita zikiungwa huwa mstari, na mstari huo ndio umwambiao muuguzi kama mtoto anakua, amesimama, au ameanza kurudi nyuma. Mtoto aweza kuwa na mashavu ya kupendeza machoni pa jamaa waliokuja kumtazama, na huku mstari wake umeanza kulala. Mama mwenye busara hamsubiri mtoto akonde ndipo amkimbize hospitali. Huutazama mstari.

Msitu nao hufuatiliwa vivyo hivyo. Wataalamu huuita msitu pamoja na viumbe vyote viishivyo ndani yake, udongo wake na maji yake, mfumo wa ikolojia. Kuufuatilia maana yake ni kurudi mahali pale pale, kwa kipimo kile kile, mara kwa mara, na kuandika kilichoonekana. Atazamaye mara moja tu, hata akiwa bingwa, amepata nukta moja.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi wa Mtwapa? Kwa mujibu wa mpango wa taifa wa kusimamia mikoko wa mwaka 2017 hadi 2027, Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko. Zaidi ya nusu iko Lamu. Kaunti yetu ya Kilifi ina takriban hekta 8,500, zilizotawanyika katika hori za Mtwapa, Takaungu, Kilifi na Mida hadi Ngomeni. Samaki wengi, kamba na kaa tuwanunuao hupitisha utoto wao katika mizizi ile kabla ya kutoka baharini. Mizizi hiyo huupunguza nguvu mkondo na mawimbi, na huyanasa matope yanayotoka bara yasiende kuyafunika matumbawe. Familia ambayo haijawahi kukanyaga tope la mikoko huila mikoko mezani kila iungapo samaki.

Tena tuna jirani wa kutuonya. Watafiti waliolinganisha hali ya mikoko ya hori la Tudor, pale Mombasa, kati ya mwaka 1992 na 2009 walikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ukanda huo imepotea. Hori lile liko mwendo mfupi tu kutoka kwetu, nalo limezungukwa na mji kama letu linavyozungukwa sasa. Msitu ule haukuondoka kwa siku moja. Uliondoka kwa shoka moja leo, kuni za kesho, taka na majitaka ya mwaka mzima, na watu wakivuka daraja kila siku.

Huenda msomaji akauliza: je, hakuna satelaiti siku hizi? Zipo, na kazi yake ni kubwa. Satelaiti za Landsat zimekuwa zikiipiga picha dunia tangu mwaka 1972, na hizo ndizo zilizowawezesha wataalamu kujua ni kiasi gani cha mikoko kimepotea katika pwani nzima. Lakini katika picha za Landsat zitumiwazo kwa kazi hii, kila kipande kidogo kabisa kina upana wa mita 30. Mtu akiingia msituni akakata miti mitano iliyonyooka, akaiacha iliyopinda, matawi ya iliyobaki huliziba pengo, na kutoka angani pabaki kijani. Satelaiti huona paa la nyumba, wala haioni kama ndani watoto wamelala na njaa.

Ndani ya msitu kuna mambo ambayo ni macho ya mtu na mkono wake tu yawezayo kuyajua. La kwanza ni watoto wa msitu. Mkoko ni mti wa ajabu. Mbegu yake haidondoki ikiwa kavu kama mbegu nyingine. Huchipua ingali juu ya mamaye, ikaning'inia kama kijiti kirefu cha kijani, ikinyonya kwake kwa miezi kadhaa hadi iweze kujitegemea, kisha huanguka matopeni au kuchukuliwa na maji. Mkandaa na muia nayo huwalea wanawe namna hiyo hiyo. Subhanallah, ni malezi yaliyo wazi kwa mwenye kutazama.

Wataalamu huwagawa watoto hao katika makundi matatu: wasiofika sentimita 40, walio kati ya sentimita 40 na mita moja na nusu, na walio kati ya mita moja na nusu na mita tatu. Msitu wenye kujizalisha vizuri hutarajiwa kuwa na uwiano wa 6 kwa 3 kwa 1. Yaani kwa kila kijana mmoja mrefu, wawepo wa kati watatu na wachanga sita, kwa kuwa wengi hufa njiani. Uwiano huu ndio mstari wa kitabu cha kliniki cha msitu.

Tuchukue mfano. Tuseme mmehesabu kipande kimoja, mkakuta miti mikubwa imestawi, miche wachanga wamejaa, lakini wa kati hawapo kabisa. Kwa mtazamaji wa darajani msitu huo ni mzima. Kwa aliyehesabu, kuna kitu kinachowaua watoto kabla hawajabaleghe: pengine takataka za plastiki zinazowalalia maji yanapojaa, pengine nyayo za wapitao, pengine udongo unaotoka bara ukawafukia. Na kama wachanga wenyewe hawapo, basi miti mama imepungua, au mbegu hazipati pa kushika. Msitu wa wazee watupu ni nyumba isiyo na watoto. Itasimama miaka mingi, kisha itafungwa.

Jambo la pili ni visiki. Kila kisiki kipya ni habari, na unene wake ni habari zaidi. Wazee wetu walilijua hili vyema, kwani waliipa miti ya mikoko majina kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Boriti haikuwa mti wowote tu. Ilikuwa na kipenyo kinachojulikana, cha sentimita 11 hivi hadi 14. Nyumba za mawe za pwani yetu zina vyumba virefu vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Nasi hapa Mtwapa tunaye shahidi wa ujenzi wa kale, magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14. Kwa hiyo kuipima mikoko si mtindo mpya tulioletewa na wageni. Ni ujuzi wa nyumbani uliolala. Ukiona visiki vingi vya unene wa boriti, na miti iliyobaki yote imepinda, jua kwamba msitu unachaguliwa walio bora wake, na kijani kinabaki kusitiri.

Jambo la tatu ni dalili za maradhi. Katika pwani ya Kenya wataalamu wameikuta mililana, ile miti isimamayo mbele kabisa kuikabili bahari, ikikauka matawi kwa sababu ya wadudu wanaotoboa mti kwa ndani. Baada ya mvua kubwa za El Nino za mwaka 1997 na 1998, mikoko mingi ya Mwache ilikufa kwa kufukiwa na udongo uliosombwa kutoka bara, kwani mizizi yake huvuta pumzi juu ya tope, nayo ikafunikwa. Anayerudi mahali pamoja kila msimu huona udongo ukipanda kidole kwa kidole. Asiyerudi huona miti mikavu tu, wakati dawa imekwisha kupita.

Tusidhani kwamba kazi hii ni ya maabara pekee. Kule Gazi, Kaunti ya Kwale, mikoko ilikatwa ovyo miaka ya 1970 ikawa kuni za viwanda, na sehemu nyingine zilikaa miaka mingi zikiwa uwazi mtupu. Mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, miongoni mwao Dakta James Kairo, walianza kuipanda upya kwa majaribio. Baadaye vijiji vya Gazi na Makongeni viliunda mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 unahifadhi hekta 117 na kuuza nje hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na msitu huo. Mapato yamesaidia maji safi na shule za vijijini. Kina mama wa Gazi nao wana ujia wao wa mbao uliopita katikati ya mikoko, wageni hulipa wakatembezwa.

Tunautaja mradi huu kwa sababu moja. Mnunuzi wa hati hizo hanunui maneno. Lazima kila mwaka msitu ukaguliwe, miti ihesabiwe, na matokeo yaandikwe. Maji yaliyofika bombani yalipitia kwanza katika daftari la mtu aliyesimama matopeni na utepe mkononi. Na kwa kuwa walijua kwamba mtu hawezi kuacha kuni bila kupewa badala yake, walipanda pia mivinje ya kuni na majengo. Kilifi yetu inaijua mivinje vizuri. Hatutakuwa waadilifu tukimlaumu mama akaangaye samaki kwa kuni za mkoko ilhali hatujamsaidia kupata moto mwingine.

Upandaji nao wahitaji hesabu hiyo hiyo. Siku za kupanda mikoko huwa za furaha, watu wakavaa fulana za aina moja, picha zikapigwa. Kisha ni nani arudiye baada ya mwaka kuhesabu iliyosimama? Kila aina ya mkoko ina mahali pake: mlilana mbele penye bahari, mkoko nyuma yake, mkandaa juu zaidi, na mchu hustahimili hata penye chumvi nyingi upande wa nchi kavu. Mche wa mkoko ukipandwa mahali pa mlilana, mawimbi huung'oa. Asiyerudi kuhesabu hupanda mahali pale pale pabaya mwaka baada ya mwaka, akidhani anajenga.

Sasa twaweza kufanya nini sisi, wenye nyumba, watoto na shughuli? Kwanza tujue kwamba misitu ya mikoko ni mali ya serikali tangu ilipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, na leo iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu. Hatuingii kupima kwa kujiamulia. Lakini sheria ya misitu ya mwaka 2016 imewapa wananchi haki ya kuunda jumuiya na kushirikiana na shirika hilo katika kuitunza. Kikundi cha kina mama, madrasa au vijana wa mtaa kiende kwa afisa wa misitu na kwa wavuvi wanaousimamia ufuo, kiombe kipande cha mita 10 kwa 10, na mtu wa kuwaelekeza siku ya kwanza.

Vifaa ni vichache. Kamba ya kuzungushia kipande, daftari, penseli isiyofutika kwa maji, na utepe wa kupimia wa mshonaji, ambao haukosi katika nyumba yenye cherehani. Mti mkubwa hupimwa mzunguko wake kwenye kimo cha mita 1.3, yaani kifuani pa mtu mzima. Mkoko wenye mizizi mirefu iliyojitanua kama miguu ya buibui hupimwa juu ya mzizi wa mwisho. Kisha huhesabiwa miche ya makundi yale matatu, visiki vipya na matawi yaliyokauka. Mashimo ya kaa yaandikwe pia, kwa kuwa kaa huyaingiza majani ardhini na kulipa tope hewa, na tope lililohamwa na kaa lina shida. Kukiwa na harufu au mafuta juu ya maji, nayo yaandikwe pamoja na tarehe.

Kuhusu wakati, sisi Waislamu tuna kalenda iliyo bora kwa kazi hii. Bamvua hufika mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani mwanzoni mwa mwezi wa Kiislamu na karibu na tarehe 15, au siku moja mbili baadaye. Katika pwani yetu, siku hizo maji hujaa karibu na alfajiri na alasiri, na hupwa sana kama saa nne na saa tano asubuhi. Kwa hiyo siku ya kwenda tuichague kwa mwezi wa angani. Lakini msimu tuuchague kwa upepo na mvua, kwa sababu mwaka wa Hijria hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, na anayehesabu kila Muharram atajikuta leo anapima wakati wa masika na baada ya miaka kadhaa wakati wa kaskazi. Tuseme basi: bamvua la kwanza baada ya masika kutulia, kila mwaka. Tuende wengi, viatu viwe imara, nguo iwe ya stara isiyoburura, na tutoke kabla maji hayajaanza kurudi.

Daftari hilo litunzwe kama zitunzwavyo hati za nyumba. Katika Suratul Baqara, aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani inatuamrisha kuandika madeni, madogo na makubwa, ili haki isipotee wala shaka isiingie. Mikoko hii ni amana tuliyopewa na waliotutangulia, na ni deni letu kwa watakaokuja. Tukienda mbele ya wakubwa kulalamika kwamba "mikoko inakwisha," tutaulizwa: ilikuwa mingapi? Tukiwa na daftari la miaka mitano, lenye tarehe na hesabu, hatutakuwa na haja ya kupaza sauti.

Hatusemi kwamba kuhesabu peke yake kutalizuia shoka, au kuyafunga majitaka. Hata mizani ya kliniki haimnenepeshi mtoto. Lakini hakuna aliyewahi kumtibu mtoto ambaye hajui kama anaumwa, na siku ya kujua ikichelewa, tiba huwa ghali au hukosekana.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba mti apandao Muislamu, akala kwao mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Mikoko ya Mtwapa wengi wetu hatukuipanda. Aliiotesha Mola, naye akawapa riziki humo samaki, kaa, ndege na wanadamu. Tulilobakishiwa sisi ni kuilinda isife mikononi mwetu, nayo ni sehemu yetu ya sadaka hiyo.

Wiki hii basi, mama akivuka daraja na wanawe, awaonyeshe ukanda ule wa kijani na awaulize: "Wanangu, mwadhani ndani mle mna watoto wangapi?" Hawatajua, na wala sisi hatujui. Na twende tukahesabu, insha Allah, maji yakipwa.